Nani Ameruhusiwa Kulishika Bega Lako? Majibu kwa Wasomaji kuhusu Maneno ya Sheria za Fiziotherapia

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinahusu maneno yanayotumika katika sheria na fomu zinazosimamia kazi ya fiziotherapia, hasa Marekani, ambako baadhi ya wasomaji wana ndugu na wengine wana nia ya kwenda kufanya kazi. Nimechagua barua tano. Mimi si mwanasheria; nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa sababu hiyo nitakuwa nikirudi mara kwa mara kwenye bega, goti na ngazi ya mlangoni, mahali ambapo maneno hayo hupimwa.

Leseni, usajili na cheti: je, si kitu kimoja?

*Shikamoo mzee. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali moja ya misheni mkoani Njombe. Nimeanza kujaza fomu za kuombea kazi katika jimbo la New York kwa kuwa nina shemeji huko. Fomu moja inataja leseni, nyingine usajili, nyingine cheti, na ada zake ni tofauti. Je, haya si maneno matatu ya kitu kimoja? Na kwa nini hakuna leseni moja ya Marekani nzima?* — T.M., Makambako

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua yale mengine. Nchini Marekani mamlaka ya kusimamia taaluma za afya yako mikononi mwa majimbo, si serikali ya shirikisho. Kila jimbo lina sheria yake ya fiziotherapia na chombo chake cha kuisimamia, ambacho mara nyingi huitwa bodi. Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1913, kabla ya mengine yote, na leo majimbo yote 50 pamoja na mji mkuu, Washington, yana sheria zake. Kwetu Tanzania Bara mambo yamekusanywa mahali pamoja: sheria ya mwaka 2017 iliwaweka madaktari, madaktari wa meno na wanataaluma wa afya shirikishi, tukiwemo sisi wa fiziotherapia, chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Wenzetu wa Kenya walikwenda njia nyingine, wakawatungia wataalamu wa fiziotherapia sheria yao peke yao mwaka 2014, yenye baraza lake.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Huko New York leseni hutolewa mara moja, na hubaki kuwa yako maisha yako yote isipokuwa uirudishe mwenyewe au unyang'anywe kwa kosa. Kinachohuishwa kila baada ya miaka mitatu ni usajili, na mwenye leseni ambaye usajili wake umekwisha muda haruhusiwi kumgusa mgonjwa. Angalia jinsi hali hiyo ilivyo kinyume na tuliyoizoea. Huku kwetu mtu husajiliwa kwanza, jina lake likaingia katika daftari, kisha leseni ya kutoa huduma ndiyo anayoihuisha. Kwa hiyo Mtanzania anayesoma fomu ya New York kwa macho ya nyumbani anaweza kudhani kwamba usajili ni jambo la awali alilokwisha kulimaliza, na leseni ndiyo ya kulipia tena na tena, akajikuta amelipa ada isiyohusika au ameacha muda wa usajili upite. Ama cheti, katika jimbo hilo ndicho wanachopewa wasaidizi wa fiziotherapia. Ukivuka kwenda majimbo mengine mengi, msaidizi huyo huyo hupewa leseni.

Ndiyo maana ninapopewa sheria yoyote ya taaluma ninaanza na kifungu cha tafsiri, kile cha mwanzoni ambacho wengi hukiruka kwa kuona kinachosha. Kifungu hicho ndicho kinachokuambia neno fulani lina maana gani ndani ya mipaka ya sheria ile, na nje ya mipaka hiyo usilitegemee neno hilo kabla hujahakikisha.

Kuna neno jingine litakalokukwaza, nalo ni leseni kwa kutambuliwa. Usilijaze. Linamhusu mtu ambaye tayari ana leseni ya jimbo jingine la Marekani, na leseni yako ya hapa haihesabiwi kwa njia hiyo, ingawa utatakiwa kuleta uthibitisho wa usajili wako na mwenendo wako. Wewe utaingia kwa mlango wa mtihani. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, unaandaliwa na shirikisho la bodi za majimbo, na alama ya kufaulu ni 600 katika kipimo kinachoanzia 200 hadi 800. Unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu ndani ya miezi 12, na mara sita katika maisha yako yote, kwa hiyo usiende kujaribu bahati. Baadhi ya majimbo huongeza mtihani wa pili, wa sheria za jimbo hilo.

Kabla ya mtihani huo kuna tathmini ya elimu, na hapa ndipo ninapowaona vijana wetu wengi wakikwama. Wanachotafuta wakaguzi ni ulingano wa elimu: wanachukua somo moja moja ulilosoma na kulilinganisha na mafunzo ya huko, ambako tangu mwaka 2016 chuo hakipati ithibati ya kumfundisha mtaalamu wa fiziotherapia mpaka kiwe kinatoa shahada ya udaktari wa fani hiyo. Hawatatosheka na jina la cheti chako. Nenda chuoni kwako mapema, omba mtaala wa mwaka ule uliosoma wewe, si wa sasa, wenye idadi ya saa za darasani na za mafunzo kwa vitendo wodini, na kila ukurasa uwe na mhuri. Mtaala wa zamani hukaa katika kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliye likizo; anza leo.

Kijana mwenye beji ya PTA

*Dada yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi na binti yake Sacramento, California. Ana kisukari, na bega lake la kulia liliganda, akawa hawezi kuchana nywele wala kufunga kitenge kifuani. Kliniki ya mazoezi ilimpokea bila barua ya daktari. Siku ya kwanza alipimwa na mama mmoja mtaalamu, lakini tangu hapo anashughulikiwa na kijana mwenye beji iliyoandikwa PTA, na mara nyingine binti asiye na beji ya namna hiyo humwekea taulo za moto na kumsimamia kwenye mashine ya kuzungusha mikono. Yule mama humwona kwa mbali akihudumia wengine, ilhali hesabu ya malipo ina jina lake. Sasa wanasema mpango wa tiba lazima utiwe saini na daktari. Je, dada anaibiwa? Na kwa nini barua haikuhitajika mwanzo, ikahitajika sasa?* — Mama wa Tukuyu

Mama, pole kwa wasiwasi, na umpe pole dada. Kwa haya uliyoyaeleza sioni wizi, lakini naona mambo matatu ambayo binti yake anapaswa kuyauliza, na nitayataja kila moja mahali pake.

Kwanza watu wenyewe. Sheria za Marekani zinawatenganisha watu watatu ambao mgonjwa huwaona wote ni "watu wa mazoezi". Yule mama wa siku ya kwanza ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kijana wa PTA ni msaidizi wake, aliyesoma chuo kwa takriban miaka miwili, akafanya mtihani wake wa taifa, na California humpa leseni. Binti wa taulo za moto ni mhudumu, asiye na leseni, aliyefundishwa hapo hapo kazini. Jina la mtaalamu kuwemo kwenye hesabu ya malipo si ajabu, kwa kuwa ndiye anayebeba dhamana ya wote wawili.

Neno la pili ni kukasimu, yaani kumpa mwingine sehemu ya kazi yako huku lawama ikibaki kwako. Sheria hizo huruhusu mambo mengi kukasimiwa, lakini kuna mambo ambayo hayatoki mikononi mwa mtaalamu: kumpima mgonjwa na kutafsiri kilichoonekana, kuandika mpango wa tiba na kuubadilisha, na kuamua kwamba tiba imefika mwisho. Chukua bega la dada. Mpango ukisema mkono uzungushwe kwenda nje kadiri maumivu yanavyoruhusu, msaidizi anaweza kuongeza au kupunguza idadi ya marudio, anaweza kubadilisha mkao kutoka kukaa kwenda kulala chali, anaweza kupima kwa kipimo cha pembe na kuandika kwamba wiki hii bega limefika nyuzi 30 kutoka 20. Hayo yote yamo ndani ya mpango. Lakini siku dada atakaposema kwamba vidole vimeanza kufa ganzi, jambo ambalo halikuwepo siku ya kwanza, kijana anatakiwa kusimamisha zoezi na kumwita mtaalamu, kwa sababu hapo kinachohitajika ni upimaji mpya. Swali la kwanza la kuuliza, basi, ni hili: yule mama mtaalamu alimpima dada upya lini, kwa mikono yake mwenyewe? Kama jibu ni kwamba hajampima tangu siku ya kwanza na miezi imepita, hapo pana tatizo.

Neno la tatu, ambalo ndilo zito, ni usimamizi. Katika Kiswahili cha kila siku tunaposema fulani anamsimamia fulani tunaridhika, lakini sheria haziridhiki, na taaluma ya huko imeugawa usimamizi katika ngazi tatu. Ngazi ya chini ni usimamizi wa jumla, ambapo mtaalamu si lazima awe katika jengo, ilimradi apatikane kwa simu au kwa njia nyingine ya mawasiliano. Inayofuata ni usimamizi wa moja kwa moja, ambapo lazima awepo papo hapo na aweze kufika mara moja akiitwa. Ya juu ni usimamizi wa ana kwa ana, ambapo yupo na anatoa maelekezo muda wote kazi inapofanyika. Kila jimbo huamua ni ngazi ipi inayotosha kwa msaidizi na ipi kwa mhudumu, na kwa kawaida kadiri mtu alivyo na mafunzo machache ndivyo jicho linavyotakiwa kuwa karibu. California huweka na idadi: mtaalamu mmoja asisimamie wasaidizi zaidi ya wawili kwa wakati mmoja, wala mhudumu zaidi ya mmoja. Swali la pili ni hilo, na halihitaji mwanasheria. Binti ahesabu tu kwa macho.

Ukitaka kuona uzito wa tofauti hiyo ya maneno, tazama Medicare, bima ya umma ya Marekani kwa watu wa umri wa dada yako na wenye ulemavu. Kwa miaka mingi ilitaka msaidizi katika kliniki binafsi awe chini ya usimamizi wa moja kwa moja, hivyo mtaalamu akiugua, msaidizi naye hakuwa na kazi ya kulipiwa siku hiyo, na wagonjwa walirudishwa nyumbani. Tangu 1 Januari 2025 kanuni ilibadilishwa ikawa usimamizi wa jumla. Msaidizi ni yule yule, mikono ni ile ile, lakini kwa kubadilisha maneno mawili mlango uliokuwa umefungwa ukafunguliwa. Bima hiyo hiyo, tangu 1 Januari 2022, hulipa asilimia 85 tu ya kiwango cha kawaida pale kazi inapofanywa na msaidizi, na kazi ya mhudumu hailipii. Kwa hiyo kama dada anatumia Medicare, swali la tatu ni iwapo zile dakika za taulo za moto zimeandikwa katika hesabu kana kwamba zilifanywa na mwenye leseni.

Niruhusu nikueleze kwa nini nashikilia jambo hili. Nikiwa bado kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, niliandika maelekezo ya mgonjwa aliyetolewa hogo baada ya kuvunjika karibu na goti kwa ajali ya bodaboda, nikamwachia mhudumu mmoja mchapakazi, nikaenda semina ya siku mbili. Niliandika "goti likunjwe taratibu". Yeye alikuwa ameona kwa mwingine goti likikunjwa kwa nguvu likafunguka, akaona taratibu ni kuchelewesha. Niliporudi Ijumaa goti lilikuwa limevimba kama papai na mgonjwa hataki mtu amsogelee. Hakuna fomu iliyoniuliza nilikuwa wapi, wala hakuna aliyemuuliza mhudumu alifundishwa na nani. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilikasimu kazi bila kuacha usimamizi nyuma yake, na neno "taratibu" halina nyuzi.

Nimalizie na barua ya daktari. Fiziotherapia ilianza ikiwa kazi ya kutumwa: daktari anaandika, mtaalamu anatekeleza. Jimbo la Nebraska liliruhusu mwaka 1957 mgonjwa aende kwa mtaalamu bila rufaa, na sasa kila jimbo lina namna fulani ya ruhusa hiyo, ila mengi yameiwekea kamba. Kamba ya California ni siku 45 za kalenda au mahudhurio 12, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo daktari lazima amwone mgonjwa na kuukubali mpango wa tiba kwa saini. Ya New York ni mahudhurio 10 au siku 30. Dada akienda mara mbili kwa wiki, mahudhurio 12 humalizika katika wiki ya sita, na nadhani ndipo alipo. Ila kuna mlango wa pili ambao watu huuchanganya na huu: ruhusa ya kutibiwa ni jambo moja na ruhusa ya kulipiwa ni jingine. Medicare kwa upande wake huutaka mpango wa tiba uthibitishwe na daktari, hata pale ambapo sheria ya jimbo ingekuwa bado haijamdai. Binti aulize saini inatakiwa kwa ajili ya mlango upi, kwa sababu kama ni wa malipo, kuchelewa kwake kutaonekana kwenye hesabu na si kwenye bega.

Kibao cha barabarani

*Hapa Mwanjelwa kuna vyumba viwili vya kukanda misuli ambavyo vimeandika "fiziotherapia" kwenye vibao vyao, na kimojawapo kina kiti cha kutetemesha mwili ambacho kinasemekana kinatibu kiharusi. Je, neno hilo ni la kila mtu?* — Mfanyabiashara, Mwanjelwa, Mbeya

Swali lako linagusa kile ambacho wanasheria wa taaluma hukiita kulinda jina. Sheria inaweza kulinda jina, ikasema kwamba asiye na leseni asijiite mtaalamu wa fiziotherapia wala asitumie herufi au neno linaloweza kumfanya mtu adhani kwamba ni yeye. Au inaweza kulinda kazi yenyewe, ikataja matendo fulani na kusema asiye na leseni asiyafanye, ajiite atakavyojiita. Sheria za majimbo ya Marekani kwa kawaida hufanya yote mawili, tena huorodhesha hata vifupisho, na neno "physiotherapy" limo katika orodha hizo ingawa wenyewe hupenda kusema "physical therapy", ili mtu asijifiche nyuma ya jina la pili. Wakandaji huko wana leseni yao wenyewe katika majimbo mengi.

Mimi nina maoni yangu kuhusu jambo hili. Kulinda jina peke yake ni uzio wa mabua. Mtu akikatazwa kuandika "fiziotherapia" ataandika "tiba ya viungo", ukimkataza na hilo ataandika "daktari wa mishipa", na kila neno jipya litakuwa zuri zaidi ya lile la kwanza. Kinachomlinda mgonjwa ni orodha ya matendo: nani anaruhusiwa kumpima mtu aliyepooza upande mmoja na kuamua kwamba sasa anaweza kusimama. Kutetemeshwa kwenye kiti hakujampima mtu, na mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kueleza maumivu upande wake uliopooza anaweza kuumizwa pale bila yeye mwenyewe kujua.

Kwa upande wa hapa nyumbani, anayejitangaza kuwa mwanataaluma wa afya shirikishi anapaswa kuwa na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na mganga wa tiba asili au tiba mbadala yuko chini ya baraza jingine, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Hizo ni njia mbili tofauti, na hakuna aibu kufuata ya pili. Waunga mifupa wa Rungwe wamekuwepo kabla ya hospitali. Aibu ni kuvaa koti la njia moja huku karatasi yako ni ya nyingine, au huna kabisa. Wewe kama mteja ingia, salimia, uliza leseni ya anayetoa tiba iko wapi. Leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani ni ruhusa ya kufanya biashara na haisemi lolote kuhusu mikono ya mtu.

Mkataba wa majimbo

*Nimesoma kwamba Marekani kuna mkataba unaomwezesha mtaalamu wa fiziotherapia kufanya kazi katika majimbo mengi kwa leseni moja. Je, mgeni aliyesomea Tanzania anaweza kuanzia hapo moja kwa moja?* — Mwanafunzi, Ipogolo, Iringa

Hawezi. Mkataba huo upo, na ruhusa za kwanza chini yake zilitolewa Julai 2018, lakini umejengwa juu ya leseni ya jimbo la makazi. Lazima kwanza uwe na leseni kamili isiyo na doa katika jimbo unaloishi, jimbo hilo liwe limejiunga, na jimbo unalotaka kwenda nalo liwe limejiunga. Ndipo unapoomba ruhusa ya mkataba. Angalia pia kwamba ruhusa hiyo haifanyi sheria za majimbo ziwe moja. Ukivuka mpaka unafuata mipaka ya kazi ya jimbo ulilomo siku hiyo. Kuna majimbo yanayomruhusu mtaalamu kuchoma misuli iliyokaza kwa sindano kavu, yaani isiyo na dawa, na mengine yasiyomruhusu, na mkono uliochoma kihalali asubuhi unaweza kuwa umevunja sheria mchana, upande wa pili wa mto.

Mazoezi kwa WhatsApp

*Baba yetu alipata kiharusi miezi mitatu iliyopita na yuko nyumbani Uyole. Anahudhuria fiziotherapia katika hospitali mjini Mbeya mara moja kwa wiki. Kaka yangu ni mtaalamu wa fiziotherapia huko Chicago mwenye leseni ya jimbo la Illinois, na kila jioni humwongoza baba kwa WhatsApp, wakati mwingine tofauti na alivyoelekezwa hospitali. Mjukuu wa miaka tisa ndiye hushika simu na kumshika babu mkono. Je, leseni ya kaka inamruhusu kufanya hivyo? Nasi tumfuate nani?* — Binti wa Uyole

Kanuni wanayoifuata Marekani kuhusu tiba ya masafa ni kwamba kazi inahesabiwa kufanyika mahali alipo mgonjwa, si mahali alipo mtaalamu. Mtaalamu wa Illinois anayemhudumia kwa video mgonjwa aliyeko jimbo jirani anahitaji ruhusa ya jimbo hilo jirani. Ukiipanua kanuni hiyo kuvuka bahari, leseni ya kaka yako haifiki Uyole. Kama angekuwa anawatoza wagonjwa wa Mbeya fedha kwa huduma hiyo, angepaswa kwanza kuzungumza na Baraza la hapa.

Lakini mtoto kumwelekeza baba yake hakumfanyi awe amefungua kliniki, na nisingependa barua hii isomwe kana kwamba nimemkataza. Shida yenu iko kwenye mpango wa tiba, ambao sasa ni miwili. Aliyempima baba kwa mikono ni mtaalamu wa hospitali, ndiye aliyeandika mpango, na ndiye atakayeulizwa baba akianguka. Kaka anaona kile tu ambacho simu inamwonyesha. Haoni kwamba ngazi ya mlango wenu ni ya udongo na huteleza mvua ikinyesha, wala hawezi kuhisi kwa kiganja kama msuli wa paja unakaza kweli au baba anajikaza kwa mgongo. Mfano mmoja: wakati wa kupanda ngazi mguu wenye nguvu hutangulia, na wakati wa kushuka mguu dhaifu hutangulia. Mmoja akisema hivyo na mwingine akasema kinyume, kwa sababu anataka kuupa mguu dhaifu kazi, baba atasimama katikati ya ngazi akifikiri, na hapo katikati ndipo watu huangukia.

Mwombeni mtaalamu wa hospitali awaandikie mpango katika karatasi moja, mumpigie picha kaka, na siku ya kliniki mwaombe wazungumze wao wawili kwa dakika kumi. Ni watu wa kazi moja, wataelewana haraka kuliko mnavyodhani. Kaka akiona jambo la kubadilisha alipendekeze kwa mwenzake, asimwelekeze baba moja kwa moja. Mazoezi ya kukaa kitini na ya mkono yaendelee jioni akiwapo kwenye simu kama kawaida. Ya kusimama na ya ngazi yafanyike mchana, ardhi ikiwa kavu, na anayesimama upande ule uliopooza awe mtu mzima mwenye nguvu za kumdaka. Mjukuu abaki na kazi ya kushika simu.